Wekundu, Weusi na Bafta

Tandaza kisutu mezani uhesabu rangi zake. Utapata tatu: nyekundu, nyeusi na nyeupe. Mchapaji wa kiwandani atakwambia ni mbili, kwa sababu nyeupe hakuichapa. Hiyo ni bafta yenyewe, kitambaa kilichoachwa wazi kila mahali ambapo mchoraji aliamua rangi isifike. Kwa rangi mbili na uamuzi huo wa kuacha, watu wa pwani wamekuwa wakimvisha bibi harusi tangu enzi za bibi zetu, na sijasikia mtu akisema nguo ile imepungukiwa.

Ninachokisifu zaidi katika kanga ni uchache huo. Kanga nyingi nzuri hazizidi rangi tatu au nne. Kila rangi inayoongezwa ina gharama yake: skrini nyingine ya kutengeneza, uji mwingine wa rangi wa kukoroga, nafasi nyingine ya kukosea. Kwa hiyo mchoraji wa kanga hupimiwa rangi kabla hajashika kalamu, kisha hutakiwa azifanye hizo chache zitende kazi ya nyingi. Akifaulu, hakuna anayeuona ugumu alioupitia.

Kanga ikizungumziwa, jina hutangulia. Ni haki yake, kwa kuwa maneno yale yamebeba mafumbo, mapenzi na magomvi ya nyumba nyingi. Lakini fika Biashara Street, Mombasa, mtaa ambao leso, kama kanga inavyoitwa huko, za Kaderdina Hajee Essak, zile zenye alama ya Mali ya Abdulla, zimeuzwa kwa vizazi, utazame namna wanawake wanavyonunua. Leso zimekunjwa, zimepangwa rafuni hadi karibu na dari, na kinachoonekana ni ukingo tu wa kila doti. Mama anayeingia hanyooshi shingo kutafuta maneno. Ananyoosha kidole: “Nishushie ile ya damu ya mzee, mwanangu. Siyo hiyo, ile ya chini yake.” Jina litasomwa leso ikishakunjuliwa, na linaweza kuikataza isinunuliwe. Ila kilichoishusha rafuni ni rangi.

Kazi ya rangi hiyo huanzia kwenye jambo ambalo mtazamaji wa haraka hulisahau: kanga huchorwa ikiwa imetandazwa, lakini haivaliwi hivyo. Karatasini kila kitu kina mahali pake. Pindo linazunguka pande zote nne, mji uko katikati, jina limekaa ndani ya kisanduku chembamba karibu na pindo la chini. Upande mmoja ukishafungwa kiunoni au kifuani, na wa pili ukajitandwa kichwani na mabegani, mpangilio wote unavurugika. Pindo la juu linapanda na kuuzunguka uso. La chini linakwenda na miguu. Mbele, pale nguo inapopishana, pindo linasimama wima tokea kiunoni hadi kifundoni. Mji unaingia katika mikunjo na nusu yake haionekani tena.

Mchoraji hodari hulijua hilo toka mwanzo. Rangi nzito na zenye kupingana huzipeleka kwenye pindo, ambako hazitafichika, na mji huupa alama ndogo zinazojirudia, ambazo hazidhuriki nguo ikikunjwa. Au hufanya kinyume chake akijua anachokitafuta: mji mtupu wa rangi moja, ua moja kubwa katikati, ili kanga ikijitandwa ua hilo lishuke mgongoni na limfuate mvaaji. Pindo ndilo linalokaa jirani na ngozi ya uso, na mara nyingi ndilo linaloamua kama kanga inamkubali mtu au inamkataa. Nimewahi kuona kanga moja ikimng'arisha dada mtu na kumfubaza mdogo wake, wote wawili weusi, ila mmoja ana wekundu ndani ya weusi wake na mwingine hana. Kilichotofautisha kilikuwa rangi ya manjano ya pindo.

Halafu kuna jua. Mwanga wa saa saba mchana kule Tanga au Unguja huzimeza rangi hafifu. Waridi jepesi na samawati ya maji ya mvua, zinazopendeza chumbani, zikitoka nje hubaki weupe usioeleweka. Nyekundu iliyokolea haimezwi. Nyeusi iliyopakana na nyeupe haimezwi hata ikitazamwa kutoka ng'ambo ya barabara. Wanaosema rangi za kanga zinapiga kelele wamezitazama ndani ya nyumba. Nguo hii ilitengenezewa uani, sokoni na barabarani, na huko ndiko inakostahili kupimwa.

Kabla ya kanga, watu wengi wa pwani walivaa vitambaa viwili. Kimoja ni merikani, pamba isiyong'arishwa iliyoletwa na meli kutoka Massachusetts katika nusu ya kwanza ya karne ya 19. Kingine ni kaniki, iliyochovywa katika nili hadi ikakaribia weusi. Zilikuwa nguo za kazi, na zilikuwa nguo za watumwa. Utumwa ulipopigwa marufuku kisheria Unguja mwaka 1897, wanawake waliokuwa watumwa walizitupa nguo hizo wakajitanda kanga, na mwanahistoria Laura Fair ameeleza vizuri jinsi mavazi hayo yalivyokuwa njia yao ya kudai heshima mbele ya watu. Nikikitazama kisutu kwa kumbukumbu hiyo, weupe wa merikani na giza la kaniki naviona bado vimo. Tofauti ni kwamba sasa vimewekwa kuutumikia wekundu.

Na wekundu huo una habari yake, ambayo inafaa kusimuliwa polepole. Ng'ambo ya bahari, katika eneo la Kutch huko Gujarat, wapo mafundi wa ajrakh katika vijiji kama Dhamadka na Ajrakhpur, ambao hadi leo huchapa pamba kwa mihuri ya mbao iliyochongwa kwa mkono. Wanapopiga mihuri yao hawapigi rangi nyekundu. Wanapiga shabu. Mahali pa weusi wanapiga maji ya vyuma chakavu vilivyolowekwa na sukari guru kwa majuma kadhaa, yakafanywa mazito kwa unga wa mbegu za ukwaju. Nyekundu bado haipo. Kisha kitambaa kizima kinatumbukizwa katika sufuria moja ya rangi inayochemka, ambayo asili yake ni mizizi ya mmea uitwao madder. Kikitoka, palipopigwa shabu pamekuwa pekundu, palipopigwa chuma ni peusi, na palipokingwa pasishike rangi panaoshwa hadi weupe unarudi. Madini ya shabu huishika rangi na kuifunga ndani ya uzi, ndiyo maana haitoki kwa kufuliwa. Fundi anapoweka muhuri wake anaweka ahadi ya rangi asiyoiona bado, na inabidi akilini mwake aione tayari.

Wachapaji wa Ulaya walijifunza kwa Wahindi, na kwa muda mrefu nyekundu isiyochuja ilibaki kuwa ya gharama. Mwaka 1868 wakemia wawili wa Kijerumani, Carl Graebe na Carl Liebermann, waligundua njia ya kuitengeneza maabara alizarini, kiini cha rangi ya madder. Bei ikaporomoka. Katika miongo miwili iliyofuata, kanga zilizochapwa Uholanzi zikawa zinashushwa bandarini Unguja, nyingine zikitoka Helmond, kwenye kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1846 ambacho leo tunakijua kwa jina la Vlisco. Wachoraji wa kule walikuwa wakiwachorea wanawake ambao hawajawahi kuwaona. Aliyewafundisha ni soko lenyewe: wafanyabiashara wa Unguja na Mombasa walirudisha habari za kilichonunuliwa na kilichokataliwa, na kanga ambayo rangi yake haikupendeza ilibaki ikila vumbi rafuni. Ninapowasifu wachoraji wa kanga nawahesabu na wanawake hao, kwa kuwa jicho lao ndilo lililosahihisha kazi miaka yote. Kazi ilipohamia Japani, kisha India, kisha nyumbani kwetu, kwenye viwanda kama Urafiki cha Dar es Salaam kilichofunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China, jicho hilo lilikuwa palepale likisubiri.

Sasa isogeze kanga karibu, karibu kabisa, utazame mahali ambapo rangi mbili zinakutana. Tuseme ni korosho ya manjano ndani ya mji mwekundu. Kati ya manjano na nyekundu utaona mstari mweusi. Macho hudhani ni pambo tu, na kweli unapendeza, lakini mstari ule unafanya kazi ngumu. Kitambaa hupita kwenye mashine kwa kasi, kikivutwa huku na huku, na kila rangi inatoka kwenye skrini yake. Skrini ya manjano ikihama upana wa uzi mmoja, upande huu wa korosho unabaki ufa mweupe na upande ule manjano inapanda juu ya nyekundu. Mchoraji anajua litatokea. Anauchora mstari mweusi mnene kiasi cha kuufunika ufa na mpando wote, tena bila kuzidi, kwa sababu ukizidi korosho inaonekana imefungwa minyororo. Ipindue kanga mbaya utaona mstari umekwenda njia yake na rangi njia yake. Katika kanga nzuri mstari huo umechorwa na mtu aliyejua tabia ya mashine.

Usiondoe jicho bado. Ndani ya ua ambalo ukiwa mbali uliliona la damu ya mzee hakuna damu ya mzee. Kuna nyekundu ileile ya mji, imepitishwa juu yake mistari myeusi myembamba iliyobanana. Pembeni, ile uliyoidhani nyekundu ya pili, iliyo nyepesi, ni nyekundu hiyohiyo iliyotobolewa vidoti vya weupe wa bafta. Na kwenye kanga yenye buluu na manjano, majani ya kijani hayana skrini yao: buluu imechapwa juu ya manjano, kijani kikazaliwa humo. Hatua kumi nyuma ungeapa kwamba nguo ina rangi sita, kumbe skrini ni tatu. Hiki ndicho kipimo changu cha uhodari, na sijui kingine kilicho bora zaidi. Yeyote anaweza kuagiza rangi ya saba. Kuipata ya saba ndani ya tatu kunahitaji mtu aliyekaa na rangi hizo tatu muda mrefu akaziuliza zinaweza nini.

Jambo hili la rangi kubadilishwa na jirani yake lilimsumbua mkemia Mfaransa Michel-Eugène Chevreul, aliyepewa mwaka 1824 kusimamia utiaji rangi katika karakana za Gobelins, Paris, wanakofuma mazulia ya kutundikwa ukutani. Mafundi walilalamika kwamba uzi wake mweusi hauna nguvu, hasa wakiutumia kwa vivuli vya nguo za buluu na zambarau. Chevreul aliulinganisha na nyuzi nyeusi za mahali pengine, akakuta hauna kasoro. Ubaya ulikuwa kwenye ujirani: buluu iliyokaa kando yake iliufanya weusi uonekane umechoka. Kitabu chake juu ya jambo hilo kilitoka mwaka 1839, na wachoraji wa Ulaya wamekisoma hadi leo.

Wachoraji wa kanga waliyapata maarifa hayo kwa kuishi na rangi. Weusi ukipakana na nyekundu unakuwa na kina. Ukipakana na buluu kali unaelekea kutu. Nyekundu na kijani zenye nguvu sawa zikigusana, mpaka wake unatetemeka machoni, na anayeitazama sana huumwa kichwa. Ingiza katikati uzi mwembamba wa weupe, mtetemo unakoma, na kila rangi inabaki na ukali wake. Tazama pia kisanduku cha jina. Maneno yanatakiwa yasomeke na mtu aliye nyuma, tena nguo ikitembea, kwa hiyo mchoraji hukusanya huko tofauti kubwa kuliko zote alizonazo: herufi nyeusi juu ya weupe au manjano, au herufi nyeupe zilizoachwa ndani ya weusi. Kanga yenye herufi nyekundu juu ya zambarau imesusia kazi yake hata kama maneno ni matamu.

Kuna ugumu mwingine ambao wasiofuatilia hawaujui. Mchoro mmoja hauchapwi kwa rangi za aina moja. Huenda ukatoka kwa mavazi manne au matano: wekundu na weusi, buluu na manjano, zambarau na kijani, na kadhalika. Skrini ni zilezile, uji wa rangi ndio unaobadilishwa. Niliwahi kuzitandaza pamoja doti mbili za mchoro mmoja wenye mananasi. Katika ya kwanza, mananasi ya manjano yalikuwa yamejitokeza mbele na mji mweusi ukarudi nyuma. Katika ya pili, iliyokuwa ya kijani kizito na waridi, mji ndio uliokuja mbele, mananasi yakageuka kuwa matundu ya kuchungulia. Mchoro haukuguswa hata kidogo. Mchoro mzuri ni ule unaostahimili kugeuzwa hivyo, kila vazi likawa na maana yake. Mchoro dhaifu una vazi moja tu linaloubeba, na wauzaji huujua, kwa kuwa vazi hilo huisha wiki ya kwanza na mengine manne hubaki.

Na kuna wakati rangi inapimwa kwa wingi wa watu. Harusini, familia ikichagua kanga ya sare, unaona wanawake mia moja ndani ya doti moja. Vidoti na mistari havionekani tena. Hata korosho haionekani. Kinachobaki ni jumla: uwanja mzima umekuwa wa chungwa, au wa zambarau yenye cheche za weupe. Kwa umbali huo rangi zote tatu za kanga huchanganyika kuwa moja, na kama mchoraji hakuzipima vizuri, mchanganyiko ule unakuwa tope. Akina mama wanaopewa jukumu la kuchagua sare hulijua hili kwa uzoefu. Huikunja kanga, huiweka juu ya kiti, hurudi nyuma hadi mlangoni, na hufumba macho nusu.

Kisha kuna umri. Kanga mpya ina wanga, ni kavu na inanuka duka. Ya miaka mitano ni laini, imebeba watoto, imelala juu ya mito. Zilizochapwa kwa rangi inayokaa juu ya uzi, ikishikiliwa na gundi, huanza kuchubuka mikunjoni. Zilizochapwa kwa rangi inayoungana na uzi wenyewe, aina iliyoingizwa sokoni na kampuni ya Uingereza ya ICI mwaka 1956, huvumilia zaidi. Uji wa rangi hizo hufanywa mzito kwa ute wa mwani, ule wa kahawia wa bahari za baridi, si huu wetu wa Paje na Jambiani. Ninachokitazama mimi katika kanga kuukuu ni kama rangi zake zimezeeka pamoja. Weusi ukipauka kuwa kijivu huku nyekundu ingali kali, uzito wote wa nguo umehama, na pindo halishiki tena mji wake. Lakini rangi zikififia kwa mwendo mmoja, kanga inabaki ileile kwa sauti ya chini, na wengi huipenda kuliko ilivyokuwa dukani. Mchapaji aliyezichagua rangi zinazochakaa kwa kasi moja ameifikiria siku ya elfu ya nguo yake, na hiyo ni heshima kubwa kwa mnunuzi.

Siku hizi mashine za kidijitali zinaweza kumwaga kitambaani rangi zisizo na idadi, bila skrini hata moja. Tumeanza kuona kanga zenye picha za watu na vivuli vinavyoyeyuka taratibu kutoka rangi hadi rangi. Kwenye simu zinavutia. Barabarani, hatua ishirini mbali, nyingi zinageuka ukungu, kwa sababu hakuna rangi iliyolazimishwa kusimama mahali. Siamini kwamba mashine ndiyo yenye kosa. Nimeona pia kanga za mashine hizohizo ambazo mchoraji alijipimia mwenyewe rangi tatu, akaacha bafta ionekane, na zilikuwa na nguvu kama za zamani.

Mnunuzi mzoefu hamwamini hata mwenye duka katika hili. Taa za dukani zina rangi yake. Taa ile nyeupe ya mrija huipoza nyekundu, na ile ya njano huifanya zambarau ielekee kahawia. Kuna rangi mbili zinazolingana kabisa chini ya taa moja na kutofautiana chini ya nyingine, na maabara za viwanda vya nguo huwa na kabati maalumu lenye taa za aina mbalimbali, moja ikiwa imetengenezwa kuigiza mwanga wa mchana, ili kulinasa tatizo hilo kabla mzigo haujatoka. Mama wa sokoni hana kabati. Anaichukua doti, anasema, “Nakuja, baba,” anatoka nayo hadi kizingitini, anaigeuzageuza juani, anaikunja kidogo aone pindo litakavyokaa, anaiweka kando ya mkono wake. Akirudi ndani ameshaamua, na si mara moja wala mbili ameirudisha ile aliyoisifu chini ya taa akaomba ashushiwe nyingine.